Liwa ya Mchana, Singo ya Ndani

Soko la Volo Volo, Moroni, saa nne asubuhi. Jua limeshaanza kuuma, na wauza mihogo wamekaa nyuma ya mafungu yao na nyuso za manjano. Wamepaka msindzano, liwa ya Kikomoro: kipande cha msandali husuguliwa juu ya jiwe la tumbawe, maji yakidondoshwa kidogo kidogo mpaka upatikane uji mzito, kisha uso mzima ukapakwa. Hakuna anayeificha. Wanabishana bei nayo, wananyonyesha nayo, wanapanda teksi nayo. Inakinga jua, wanasema, na jioni ikishaoshwa ngozi hubaki laini. Nilijaribu siku ileile. Inabana inapokauka, na ukicheka inapasuka.

Kwetu Unguja liwa tunaijua vizuri, ila huku mlango hufungwa kwanza. Mwanamke akitoka barabarani na liwa usoni ataulizwa anaumwa nini. Mambo yetu makubwa ni ya chumbani, na kubwa kuliko yote ni singo: asumini, langilangi na mawaridi yaliyokaushwa na kutwangwa pamoja na karafuu na liwa, yakachanganywa na marashi. Bibi harusi husuguliwa singo siku kadhaa kabla ya harusi, na mkono wa somo wake hauna huruma. Husugua mpaka nongo zitoke, huku akifundisha yanayofundishwa. Aliye nje huambulia harufu tu, akipita dirishani.

Langilangi hilohilo Wakomoro wanalo zaidi yetu, maana nchi yao ndiyo inayoongoza duniani kwa mafuta yake. Lakini kwao ni zao la biashara: maua huchumwa asubuhi mapema, hukenekwa, na mafuta mengi huishia kwa watengenezaji manukato wa Ufaransa. Sisi maua yenyewe tunayafunga na asumini na mrehani kuwa kikuba, tukakibana kifuani au kwenye nywele, na kesho yake kimeshanyauka. Sijui nani mwenye hasara.

Kwenye hina ndiko ninakotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapo wageni na wenyeji wote wanadanganywa. Hina ya kweli, majani ya mhina yaliyotwangwa, haitoi rangi nyeusi. Ukiibandua inakuwa ya chungwa, wengine wakakata tamaa hapohapo. Iachie siku moja au mbili, itakolea hadi kahawia nyekundu. Usiioshe kwa maji mara tu ikikauka: ikwangue, pakaa mafuta, na maji yasubiri mpaka kesho. Anayekuchorea ua jeusi likakauka mara moja anatumia piko, yaani dawa ya kutia nywele rangi. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kabisa kuchorea ngozi. Ufukweni Unguja na Mombasa wanaichora mpaka kwenye mikono ya watoto wa watalii. Malengelenge huweza kutokea siku kadhaa baadaye, mchoraji na kiti chake wameshahama, na ngozi ikishaikataa dawa hiyo huikataa maisha, hata ukija kupaka mvi uzeeni. Bibi harusi wetu wanapenda ua jeusi likizungukwa na jekundu, na kweli linapendeza. Mimi ningebaki na jekundu peke yake.

Wanja wa manga nao, ule wa jiwe, mara nyingi ni madini ya risasi. Usimpake mtoto mchanga, hata bibi yake akinuna.

Maskati mambo yako hewani. Mwanamke amejifunika, lakini ukimpita kwenye soko la Mutrah umeshajua nguo zake zilifukizwa. Kuna kichanja maalumu cha mbao: chetezo huwekwa chini, nguo hutandikwa juu, moshi ukapenya kila uzi. Hata wanaume wana kishada kwenye ukosi wa kanzu cha kutilia manukato. Ubani wao unatoka Dhofar, nchini mwao wenyewe. Udi unatoka mbali, kwenye mti ambao hutoa utomvu wake wenye harufu baada ya kushambuliwa na kuvu, ndiyo maana kijipande kidogo kinauzwa kama dhahabu. Unguja tumejua kuurefusha: tunaupika na sukari na manukato, ukatosha nyumba nzima.

Lililonishangaza zaidi Maskati lilikuwa dogo. Mwenyeji wangu, mama aliyezaliwa Unguja na anayesema Kiswahili kuliko mimi, aliosha nywele kwa unga wa kijani uliokorogwa na maji ukatoa povu. Nywele zake zinang'aa na hazikatiki. Nikauliza ni dawa gani. Majani ya mkunazi, akasema, kila duka wanauza.

Nilimletea shangazi yangu wa Ng'ambo mfuko mzima. Akaunusa, akanirudishia.

"Haya ni ya kuoshea maiti, mwanangu. Mie bado napumua."

Binti yake aliuchukua palepale. Wiki ya pili akanipigia simu kuuliza safari nyingine ya Maskati ni lini, na kama mifuko miwili itaingia begini.