Panga Butu Humla Mwenyewe

Marehemu baba aliniachia panga nene la shambani. Kila nilipolisugua ukingo kwenye jiwe, lilibaki butu. Jumamosi moja, nikipunguza ua wa michongoma, liliteleza kwenye tawi likanijeruhi mguu.

Kumbe tatizo lilikuwa unene ulio nyuma ya makali! Nililifunga imara mezani, nikaupunguza unene huo kwa tupa pande zote mbili. Kisha nikalinoa kwa jiwe lenye maji, nikililaza kwa nyuzi 20 hivi, hadi kidole kilipohisi chuma kikikwaruza upande wa pili. Nikaligeuza, nikarudia. Mwisho nikalipitisha kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Ndugu msomaji, lilinyoa vinyweleo vya mkono wangu! Baba alizoea kusema panga butu humla mwenyewe. Nilimwelewa kwa kovu.