Mwanao Anasemeshwaje Uwanjani?

Mama mpendwa, je, umewahi kusimama kando ya uwanja ukasikiliza jinsi mwanao anavyosemeshwa anapokimbia?

Sisi wauguzi tunaojitolea kanisani hukaa hapo na sanduku la huduma ya kwanza kila watoto wanaposhindana. Tangu Alphonce Simbu, kijana wa hapa hapa Singida, aliponyakua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwezi Septemba 2025, watoto wetu wamepata ari mpya. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48; ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Sasa kila mwalimu wa michezo anamtafuta Simbu wake. Ni jambo jema. Ila wengine wanamtafuta kwa matusi.

Msimu uliopita alitujia binti wa darasa la sita, mkimbiaji hodari, akichechemea. Tulipombonyeza muundi wa mguu wa kulia aliruka.

"Panauma tangu lini?"

"Wiki tatu, mama."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

Akainama. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenzake aliwahi kusema anaumia, akaitwa gunia la alizeti mbele ya timu nzima. Tangu siku hiyo hakuna anayesema.

Eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa. Ufa wa namna hiyo hauji kwa kuanguka. Huja mfupa unapochoshwa pale pale kila siku bila kupumzishwa. Angesema mapema, pengine wiki chache za mapumziko zingetosha. Alikaa karibu miezi mitatu bila kukimbia.

Tulimwendea mwalimu tukiwa na hasira, tunakiri. Hakuwa mtu mbaya. "Mama zangu," alisema, "hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Nilidhani wanapata nguvu."

Na kweli wanapata, kwa mzunguko mmoja. Mtoto anayetukanwa huongeza mbio kwa woga, lakini huacha kuusikiliza mwili wake. Sauti kubwa si kosa. Kwa upepo huu wa Singida asiyepaza sauti hasikiki. "Inua magoti!" ni fundisho. "Gunia wewe!" linamfundisha nini mtoto, isipokuwa kuficha?

Tulirudi nyumbani kimya. Maana hata sisi, katika wodi ya wazazi, tumewahi kumfokea mama mwenye uchungu, naye akanyamaza, asituambie kwamba damu inamtoka. Tuliigundua wenyewe kwenye shuka. Alipona, lakini tulichelewa.

Mwalimu alianza kuuliza swali moja kabla ya mazoezi: "Leo nani ana maumivu, na ni wapi?" Siku tatu za kwanza walinyamaza wote, wakidhani ni mtego. Siku ya nne mvulana mmoja akataja kidole. Akaambiwa akae kivulini, basi, bila neno jingine. Kesho yake wakasema watano. Wawili kati yao walikuwa wavivu tu. Sisi ni mama, tunawajua. Mwalimu aliwapumzisha wote.

Binti yetu amerudi mazoezini. Jumamosi iliyopita, mzunguko wa tatu, alisimama akainua mkono mwenyewe. Mwalimu akamwendea taratibu, filimbi ikiwa mfukoni.