Neno "Kamwe" na Kazi Zinazongoja Kuitwa

Leo naomba tulitazame neno "kamwe". Tunalifahamu kuwa kielezi kinachoandamana na kitenzi kikanushi: sitarudi kamwe, hakusema kamwe. Ni neno lisiloacha mlango wazi. Hivi karibuni niliombwa kulitumia mahali ambapo mlango uko wazi, nikakataa, na sababu za kukataa kwangu ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Aliyeniomba ni mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kutunza seva, yaani zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Alikuwa akiandika mwongozo wa Kiswahili kwa vijana wanaokuja kujifunza kazi ofisini kwao. "Shikamoo Mjomba," alisema. "Nisaidie maneno matatu tu." Maneno hayo yalikuwa "tag", "always" na "never".

Siku hizi fundi mwenye seva nyingi hazisanidi moja moja kwa mkono. Huandika skripti inayoorodhesha kazi kwa mfuatano: sakinisha programu hii, nakili faili lile, anzisha huduma upya. Programu iitwayo Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, huisoma skripti na kuzitekeleza kazi hizo katika seva moja au mia. Jina lenyewe lina asili ya kifasihi, kwani lilibuniwa na Ursula K. Le Guin katika riwaya yake ya mwaka 1966, Rocannon's World, kutajia chombo cha kupelekeana habari papo hapo baina ya walimwengu walio mbalimbali.

Skripti ikirefuka, fundi hapendi kuiendesha yote kwa sababu ya badiliko la faili moja. Hivyo huzipa kazi "tag", kisha huagiza: endesha zenye hii tu, au ruka zenye ile. Mfuatano haubadiliki. Hata akizitaja kinyumenyume, kazi hutekelezwa kwa mpangilio ulioandikwa. Mpwa wangu alipendekeza "alama", nami nikaona neno hilo limeelemewa mno, kwani lina alama za mtihani, alama za uakifishi na alama za barabarani. "Chapa" nayo hutuletea picha ya ng'ombe, ambaye hupigwa moja ya mwenyewe, ilhali kazi moja yaweza kubeba nyingi. Tukakubaliana juu ya "lebo", neno la mkopo ambalo hata muuza duka analielewa.

Kuchagua sehemu ya maandishi kunataka msomaji makini. Nilipofundisha sarufi nilizoea kuandika ubaoni sentensi "Kilivunjika jana", kisha kuuliza: kipi? Kikombe, kiti au kioo? Kiambishi ki- hudai nomino iliyotangulia. Skripti nayo ina upatanisho wake. Kazi ya kwanza huiuliza seva jambo fulani na kulihifadhi jibu katika kigeu. Kazi ya tano hulitumia jibu hilo. Ukiichagua ya tano peke yake, kigeu hakipo, na skripti hukatika kwa kosa. Basi anayebandika lebo hana budi kujua ni kazi zipi haziwezi kutenganishwa.

Kwa ajili ya kazi za namna hiyo kuna lebo maalumu, "always". Kazi iliyoibeba huendeshwa hata usipoitaja. Ile ya kukusanya taarifa za seva mwanzoni huibeba bila kuambiwa. Washairi wataielewa upesi: mghani aweza kuteua beti tatu katika kumi, lakini kibwagizo hufuatana na kila ubeti alioteua. Hata hivyo sikulikubali neno "daima", kwa kuwa fundi akiagiza waziwazi lebo hiyo irukwe, kazi hurukwa. "Kila mara" linatosha, maana lugha yetu huruhusu kusema "kila mara, isipokuwa leo".

Tukafika kwenye "never". Kazi yenye lebo hii hulala wakati skripti nzima ikiendeshwa. Lakini ikiwa na lebo nyingine pia, na fundi akaitaja hiyo nyingine, kazi huamka na kutekelezwa. Mpwa wangu alinisimulia yaliyotokea ofisini kwao. Kazi moja ilifuta faili za kumbukumbu zilizochakaa, nayo ilikuwa na lebo "safisha". Kazi nyingine, ya kufuta hifadhidata nzima ya majaribio, ilikuwa na lebo mbili, "safisha" na "never". Kijana mmoja alisoma "never" akaamini kwamba kazi hiyo haitatendeka kamwe. Akaagiza "safisha". Kazi zote mbili zikaitika, na majaribio ya wiki nzima yakatoweka.

Simlaumu kijana huyo. Alilisoma neno kama lilivyo, na neno lilimwahidi jambo ambalo mashine haikuahidi. Amri ya kuorodhesha kazi bila kuziendesha ingemwonesha zote mbili, lakini nani huuliza kuhusu jambo aliloambiwa halitakuwa? Tungeandika "kamwe" katika mwongozo, tungelihamishia kosa hilo katika Kiswahili na kulipa nguvu zaidi, kwa kuwa "kamwe" yetu ni kali kuliko "never" yao.

Nikapendekeza "hadi iitwe". Neno "never" lenyewe litabaki katika skripti, kwa kuwa ndilo mashine inalolijua. Lakini katika mwongozo, pembeni yake, kijana atasoma kwamba kazi hii hailali moja kwa moja, bali inangoja jina lake, na kwamba kila lebo iliyo nayo ni jina linaloweza kuiamsha. Mpwa wangu alilalamika kidogo kwamba neno moja limekuwa maneno mawili. Nilimjibu kwamba hayo mawili yanasema kweli.

Wasomaji wa ukurasa huu ni mafundi wa maneno kunishinda. Aliye na neno moja litakalobeba maana ya kitu kilicholala kikingoja kuitwa, bila kudanganya kwamba hakitaamka, na alilete. Vijana wanaojifunza kazi hii wanalihitaji.