Kano la Kisigino

Kano lililo nene kuliko yote mwilini ndilo liungalo kisigino na misuli ya shavu la mguu. Aprili 12, 2013, Kobe Bryant, mcheza mpira wa kikapu wa Los Angeles aliyekuwa na umri wa miaka 34, alikatikiwa na kano hilo katika mguu wa kushoto. Hata hivyo alisimama, akatupa mipira miwili ya adhabu, yote ikaingia. Kisha akatoka uwanjani kwa miguu yake. Siku ya pili alipasuliwa.

Kushona kano ni kazi fupi. Kungoja ndiko kuzito. Damu hufika huko kwa uchache, basi kupona huenda mwendo wa kobe, jina ambalo Mswahili hawezi kulisikia asitabasamu. Mguu hufungwa vidole vikielekea chini; kisigino huteremshwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mgonjwa akitegemea magongo na shavu la mguu likisinyaa machoni pake. Mtu mzima hujifunza upya jambo alilolijua tangu utotoni. Siku awezapo kujiinua juu ya vidole vya mguu mmoja ni siku ya furaha isiyo na mashahidi.

Bryant alirudi uwanjani Desemba 8. Alikuwa amecheza mara sita tu mfupa ulipovunjika gotini mwa mguu ule ule, akaketi tena. Aprili 13, 2016, miaka mitatu kamili tangu kupasuliwa, alicheza mchezo wake wa mwisho, akapata pointi 60.