Ukimbiapo Watu, Wakimbilia Wapi?

Mtu akichoshwa na watu hutamani pahala pasipo mtu. Sisi wa pwani tuna bahari. Mimi mwenyewe, maneno ya mtaa yakizidi, hushuka ufukweni nikakaa mpaka moyo utulie. Ndiyo maana kisa cha kijana Huckleberry Finn, kitabu cha Mmarekani Mark Twain kilichotoka Uingereza mwaka 1884 na kwao mwaka 1885, hunigusa sana. Lakini pia hunionya.

Mwandishi huyo, jina lake khasa Samuel Clemens, alikulia Hannibal, mji ulio ukingoni mwa mto Mississippi. Ujanani alikuwa rubani wa meli za moshi, na jina la Mark Twain ni ukelele wa mabaharia wa mto huo wapimapo kina cha maji: maana yake ni pima mbili. Basi mto aliujua.

Huck ana baba mlevi ampigaye na kumfungia kibandani. Wanaomlea ni bibi mmoja mjane na nduguye, Miss Watson, amfundishaye dini na adabu ilhali mwenyewe ana mtumwa, Jim. Huck ajifanya ameuawa, akimbilia kisiwani. Huko amkuta Jim, naye ametoroka kwa kusikia kuwa atauzwa New Orleans. Wapanda chelezo, wateremka na mto.

Wasomaji wengi husema: huo ndio uhuru. Mchana wamejificha, usiku waenda na mkondo, wavua samaki, watazama nyota na kujadiliana kama ziliumbwa au zilitokea tu. Raha hiyo ni ya kweli, sikatai.

Lakini tutazame mto wenyewe wendako. Mississippi wateremka kusini, na kusini ndiko watumwa walikokuwa wakiuzwa. Nia yao ni kushuka Cairo, mji ulio penye makutano na mto Ohio, ili waupande huo mpaka majimbo yasiyo na utumwa. Usiku mmoja wa ukungu wakapapita. Tangu hapo kila usiku wa raha wamsogeza Jim kwenye hatari zaidi. Mto haujui nani mtumwa wala nani mwungwana. Wamchukua kila mtu uendako wenyewe.

Na watu nao wawafuata. Matapeli wawili wapanda chelezoni, mmoja akijiita mfalme, na mwisho wamwuza Jim kwa dola 40. Tena Huck mwenyewe ameichukua jamii yake moyoni: amefunzwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na dhambi. Aandika barua ya kumjulisha Miss Watson alipo Jim. Kisha akumbuka zamu za usiku ambazo Jim alimshikia ili yeye alale. Aichana barua, na aona ni kheri aingie motoni kuliko kumsaliti.

Je, ni mto uliofanya hayo? La! Mto ulimpa utulivu wa kumwona mtu aliye mbele yake. Kuichana barua ni kazi ya mkono wake. Hata Jim hakukombolewa na maji: mwishoni yajulikana kuwa Miss Watson alikwisha kumwacha huru katika wasia wake. Na watumwa wa Marekani kwa jumla hawakutoka utumwani kwa msitu wala mto, bali kwa vita na kwa sheria ya mwaka 1865, mambo yaliyofanywa na watu katikati ya watu.

Huck amaliza kisa akitaka kukimbia tena, aende nyika za magharibi. Simlaumu, ni mtoto, na wakubwa wamemdhulumu. Ila sisi wakubwa, ndugu msomaji, tunaposhuka ufukweni kupumzika, na tujiulize: ni nani tuliyemwacha nyumbani, na ana haki gani juu yetu? Maana tukirudi tutamkuta pale pale.