Nasuri ya Uzazi: Tundu Linaloshoneka

Miongoni mwa maradhi yanayowasibu wanawake, yako yanayozungumzwa barazani na yako yanayofungiwa chumba cha ndani. Nasuri ya uzazi, ambayo hospitalini huitwa fistula, ni katika haya ya pili. Mwenye homa huletewa uji na majirani. Mwenye kuvuja mkojo usiku na mchana hutengwa, na mara nyingi huachwa. Sisi tunaokutana kwa darsa ya wanawake kila Alhamisi tumeona ni wajibu kulisema jambo hili waziwazi, kwa kuwa tumemwona aliyesibiwa nalo, na tiba yake tumeiona.

Chanzo chake si sihiri wala hasadi. Uchungu wa kuzaa ukiendelea siku mbili au tatu na mtoto hapiti, kichwa chake hukikandamiza kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa nyonga. Damu haifiki palipobanwa, nyama hufa, na baada ya siku chache hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo haukai kibofuni, hutiririka wenyewe. Aghalabu mtoto naye huwa ameshafariki tumboni. Basi mama huyo hurudi nyumbani na misiba miwili, na watu humpa pole ya mmoja tu.

Matabibu wetu wa kale waliyajua maradhi haya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake Al-Qanun kwamba msichana mdogo akishika mimba, mtoto aweza kumpasua kibofu, na mkojo usizuilike tena mpaka mauti. Kwa zama zake hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Njia ya kulishona tundu hilo ilipatikana kwa mateso makubwa: huko Alabama, Marekani, tabibu J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa bila ya dawa ya ganzi, na mmoja wao, Anarcha, alipasuliwa mara thelathini hivi hadi mwaka 1849. Hapa jirani, Reginald na Catherine Hamlin walifungua hospitali ya maradhi haya mjini Addis Ababa mwaka 1974, na maelfu kwa maelfu ya wanawake wametibiwa huko. Lililokuwa mpaka mauti leo lina dawa.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye hatutamtaja, kwani siri yake ni amana. Miaka miwili hakuonekana harusini wala matangani. Kombe alikunywa na visomo alisomewa, na hayo hatuyabezi, kwa kuwa Qur'ani ni shifaa, lakini Mtume (s.a.w.) pia ametuamrisha tujitibu, na tundu la mwili lahitaji sindano na uzi. Lililomuumiza zaidi halikuwa harufu wala kuachwa. Alikuwa ameacha kusali, akidhani kwamba asiyekauka hana twahara, na asiye na twahara hana Mola wa kumwomba.

Tulimpeleka kwa sheikh wetu pamoja na mamake. Sheikh alimwambia, "Mwanangu, hii si hedhi wala si janaba. Huu ni udhuru, na mwenye udhuru anasali." Akamkumbusha habari ya Fatima binti Abi Hubaysh, aliyekuwa akitokwa na damu isiyokatika, na Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa ule ni mshipa tu, asiiache sala. Akamfundisha: wakati wa sala ukiingia ajisafishe, afunge kitambaa safi, atawadhe, kisha asali pasi na kuchelewa, kitakachovuja baada ya hapo hakimdhuru. Na kila faridha ina udhu wake. Saumu yake nayo ni sahihi. Jioni ile alisali Magharibi pamoja nasi.

Upasuaji wenyewe ulikuja miezi mitatu baadaye. Mara nyingi hupitishwa njia ya uzazi, tumbo lisiguswe, na sindano ya ganzi ya mgongoni hutosha. Mpasuaji huitenga ngozi ya kibofu na ile ya njia ya uzazi, hulishona tundu, kisha hutia maji ya rangi kibofuni aone kama yanavuja. Mpira wa mkojo hukaa takriban wiki mbili ili kibofu kipumzike, na mgonjwa hunywa maji kwa wingi. Kwa mikono yenye uzoefu, matundu manane au tisa katika kumi huziba. Jaribio la kwanza ndilo lenye matumaini makubwa, kwa hiyo atafutwe mpasuaji aliyebobea tangu mwanzo.

Ni haki kusema pia yasiyopendeza. Wako ambao tundu huziba na bado mkojo huwaponyoka wakikohoa, kwa kuwa msuli wa kuuzuia uliumia. Mwenzetu ni mmoja wao. Anafanya mazoezi aliyofundishwa, na bado hubeba kitambaa mkobani. Lakini analala juu ya shuka kavu, na maulidi yaliyopita alikaa safu ya mbele.

Akina mama na akina dada, uchungu ukipita nusu siku bila ya maendeleo, msingoje idhini ya mtu aliye safarini. Mpelekeni mzazi hospitali. Mkojo ukianza kuvuja baada ya kuzaa, semeni mapema, kwani tundu dogo lililowahiwa huweza kujiziba kwa mpira wa mkojo peke yake. Aliyeshonwa asikaribiwe na mumewe kwa miezi mitatu au zaidi kama atakavyoelezwa na daktari, na mimba ijayo azalie hospitali, aghalabu kwa upasuaji. Ulizeni katika hospitali ya kaunti kuhusu kambi za upasuaji wa bila malipo, hasa karibu na tarehe 23 Mei, siku ya kimataifa ya maradhi haya.

Na ikiwa yuko mmoja chumba cha ndani nyumbani kwenu, mwambieni leo kwamba sala yake yakubalika, kisha mtafutieni gari. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.