Bunia kwa Miguu, Mezani kwa Wenyeji

Bunia huisikia kabla hujaiona. Kwanza jogoo, kisha kengele ya kanisa, adhana ya mbali kidogo, halafu mchi: tu, tu, tu, mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani kabla jua halijachomoza. Nilikuwa bado chini ya mablanketi mawili, mzigo ambao mtu wa Unguja hauzoei. Mji huu uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake ina baridi tamu inayokushika masikioni. Simu yangu ilisema saa moja, saa ya ukutani kumi na mbili. Mashariki ya Congo iko saa moja nyuma ya Unguja, nami nikaipokea ile saa ya ziada kama zawadi ya kwanza ya siku.

Nilikuja kutembea. Huko Toscana, Italia, wapo wageni wanaolipa fedha nzuri ili kiongozi awatembeze milimani mchana na awafikishe jioni penye chakula cha kijijini na divai. Bunia haina mizabibu. Ina migomba, ina kahawa ya nyanda za juu za Djugu na Mahagi, ina samaki wa Ziwa Albert, na ina watu wasioona raha mgeni akipita mlangoni kwao na tumbo tupu.

Nilikuwa na sababu nyingine, ya zamani zaidi. Februari 1887 meli iling'oa nanga Unguja ikiwa na watu zaidi ya 600 walioajiriwa na mvumbuzi Henry Morton Stanley, aliyekuwa akienda kumwokoa gavana Emin Pasha. Ilizunguka kusini ya Afrika hadi mlango wa Mto Congo. Kutoka hapo wale babu zetu walipanda mto, wakaingia Aruwimi, ambao huku juu huitwa Ituri, na wengi wao wakatembea msituni kwa miezi mitano na mizigo kichwani. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waliobaki walikula mizizi, matunda ya porini na uyoga, hadi Desemba walipotokeza kwenye nyasi, juani, na tarehe 13 wakaliona Ziwa Albert likimeremeta chini ya genge. Tangu nisome habari hiyo nimetamani kuipita nchi hii kwa miguu yangu.

Kiongozi wangu alikuwa kijana wa nyumba niliyofikia, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye viatu vilivyosuguliwa vikang'aa ingawa alijua fika kwamba vumbi linamngoja. Aliniita Yaya, yaani mkubwa wake, na kabla hatujatoka alinipa sharti moja: hatumpiti mtu bila salamu. Mama yake, aliyekuwa ndiye mwenye mchi, alitusindikiza hadi kwenye ua na vikombe viwili vya kahawa. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Pamoja nayo alitupa bitumbura vya moto, vile viduara vya unga wa ngano vilivyoumuka na kukaangwa hadi vikawa rangi ya asali. Nilitaka kumweleza kuhusu vitumbua vyetu vya mchele na nazi. Akasikiliza kwa adabu, akaniongezea vitatu.

Barabara kuu ya mji ni Boulevard de Libération, na asubuhi huwa kama mto uliojaa. Pikipiki za abiria zinapishana kwa unywele, kila motari, yaani dereva, na abiria wawili au watatu, mmoja kabeba kuku, mwingine kabeba kioo cha dirisha. Vumbi la Bunia ni jekundu. Linapanda hadi magotini, linatulia juu ya majani ya miembe, linaingia katika daftari, na jioni ukinawa uso maji yanatoka rangi ya chai. Kijana akacheka nilipojipangusa. "Ukitoka Bunia bila vumbi, watasema haukufika," aliniambia.

Kiswahili chao kilinitembeza kama kiongozi wa pili. Maji ni mayi, watu ni batu, njaa ni njala, ugali ni bugali. Shukrani husemwa aksanti, kwa mkazo unaokufanya uamini kwamba mtu ameshukuru kweli. Humo humo linaingia neno la Kilingala, linafuata la Kifaransa, na pembeni wazee wawili wanateta kwa Kihema au Kilendu, kisha mteja anapofika wanarudi kwenye Kiswahili kama mtu anavyorudi sebuleni. Lugha hii iliingia huku na wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wapagazi wao, ikakua zaidi baada ya dhahabu kuonekana mahali paitwapo Kilo mwaka 1903, watu wa makabila mengi walipokutanishwa na kazi. Mimi niliyezaliwa karibu na bahari nilidhani nakuja na lugha yangu mkononi. Nilikuta ina nyumba yake hapa, ina watoto, na ilikuwa ikinikaribisha.

Sokoni tulitumia saa nzima kwenda hatua mia mbili. Kuna milima midogo ya unga wa muhogo, mweupe hadi unaumiza macho. Kuna lengalenga na matembele yaliyofungwa mafungu, bado yana umande. Kuna makayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi wakawa wagumu kama mbao, na dagaa wa ziwani wanaong'aa kama sindano. Kuna mawese, mafuta mekundu ya michikichi, yaliyopangwa katika chupa kuukuu juani, kila chupa ikiwaka kama taa. Harufu yake ilinishika: ina utamu, ina moshi, ina kitu cha karoti. Mama mmoja alinidondoshea tone kwenye kiganja na kunitazama usoni huku nikilionja, kama mtu anayesubiri jibu la posa.

Kulipa nako kulikuwa somo. Bunia hupokea faranga za Congo na dola za Kimarekani, lakini dola yenye mchaniko hata wa upana wa punje ya mchele hairuhusiwi kupita. Noti yangu moja ilizungushwa, ikainuliwa juani, ikapelekwa kwa jirani kuchunguzwa, kisha ikarudishwa kwa upole kana kwamba ni mtoto mgonjwa. Faranga nazo zilikuwa laini kwa kupita mikononi, zimekunjwa mabunda kwa mpira. Tulinunua ndizi, na mwenye ndizi, aliposikia natoka Zanzibar, aliongeza tatu. "Matabishi," alisema, yaani bahashishi ya kirafiki. Kila niliyenunua kwake aliongeza kitu.

Mchana mvua ilitujia bila barua. Mbingu iliyokuwa buluu iligeuka rangi ya chungu, upepo ukapita na harufu ya vumbi lililolowa, na mji mzima ukakimbia pamoja. Tuliingia malewa, kibanda cha mama lishe chenye meza mbili na paa la bati, na mvua ikapiga bati hilo hadi tukawa tunazungumza kwa macho. Nje barabara ilikuwa udongo mwekundu unaotembea. Ndani palikuwa na sufuria tano na watu kumi na wawili, na kwa kuwa viti vilikuwa tisa, watu walisogea.

"Kuya tukule," alisema mzee niliyekaa karibu naye. Njoo tule. Hakuwa akinijua.

Bugali wa muhogo uliletwa umefinyangwa mviringo, laini, unaovutika. Sombe ndiyo kisamvu chetu, jani lile lile la muhogo, lakini kwetu hupikwa kwa tui la nazi, na huku hupikwa kwa mawese hadi liwe zito, la kijani kilichokolea, na mafuta mekundu yakizunguka ukingoni. Kando yake palikuwa na kipande cha samaki wa Ziwa Albert, nyama nyeupe inayoachana na mfupa kwa kuguswa tu, na pilipili ndogo ambayo kijana alinionya juu yake nikachelewa kumsikia. Nilikula kwa mkono, polepole. Niliwaza wale waliopita msitu ule mwaka 1887, kwamba tone moja la mchuzi huu lingekuwa kwao habari ya kusimulia maisha yote. Nilimsimulia yule mzee. Alitikisa kichwa, akasogeza sahani yake ya samaki kwangu, akasema, "Basi ukule na yao."

Mvua ilipokatika tulitelemka kuelekea Nyamukau, kijito kinachoukata mji. Maji yalikuwa ya hudhurungi na yenye haraka. Nilimuuliza kijana yanakwenda wapi. Akachora kwa kijiti kwenye tope: vijito vya upande huu huingia Shari, Shari huingia Ituri, Ituri huwa Aruwimi, Aruwimi huingia Mto Congo, na Congo huingia Atlantiki. Kisha akachora mstari mashariki ya mji. Ng'ambo ya mwinuko huo, upande wa Bogoro, tone la mvua hushuka gengeni hadi Ziwa Albert, linaingia Mto Nile na kuishia Mediterania. Nilisimama nikitazama kile kijito. Mito hiyo ndiyo waliyoifuata watu wa Unguja kutoka baharini, mto baada ya mto, hadi kuufikia mgongo huu wa Afrika. Maji ya Bunia yanashuka kila siku kwa njia waliyopandia.

Alasiri tuliingia ua wa shangazi yake, chini ya migomba, ambako pombe ya ndizi ilikuwa ikitengenezwa. Ndizi zilizoiva hadi ngozi ikawa nyeusi hukamuliwa pamoja na nyasi, ambazo hushika nyama ya tunda na kuachia maji matamu. Maji hayo yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa, huchacha. Harufu ilikuwa ya mkate, ya matunda na ya mvuke wa jikoni. Kijana alipewa kibuyu chake, akanywa na kufumba macho. Mimi situmii kilevi, na sikuhitaji kueleza mara mbili: shangazi alinichotea yale maji matamu kabla hayajachacha, mazito, ya baridi, yenye ladha ya asali na moshi kwa mbali. Kisha akaleta tangawisi, tangawizi iliyotwangwa, ikachujwa, ikatiwa sukari na limau, kali hadi machozi. Baadaye yakaja mashanza, maziwa mgando ya ng'ombe wa nyanda hizi, mazito kiasi cha kuliwa kwa kijiko. Kila mmoja pale alikuwa na kikombe kinachomfaa.

Ndipo waliponisimulia mengine pia. Shangazi aliwahi kukimbia katika vita vya 1999 hadi 2003, akarudi, akapanda migomba hii upya. Katika nyumba yake ya vyumba viwili sasa wanalala wapwa waliokimbia kijiji chao. Mei 2021 mkoa wa Ituri uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na Bunia imepokea maelfu ya waliokimbia makwao. Kwa sababu hiyo matembezi yangu yalikuwa na mipaka. Tulitembea mjini, mchana, kwa njia aliyoichagua kijana, na kabla ya giza tuwe nyumbani. Nilikuwa nimetamani sana kushuka Kasenyi, ziwani. Alipiga simu mbili, akasikiliza, akasema si leo. Nilikubali. Anayekuongoza kwa miguu yake mwenyewe akisema si leo, hiyo nayo ni sehemu ya ukarimu wake.

Badala yake alinipandisha kwenye kilima kidogo ukingoni mwa mtaa. Jua lilikuwa nyuma yetu. Mbele, mashariki, nchi ilijikunja vilima juu ya vilima, kijani, halafu kijivu, halafu buluu, kuelekea pale inapokatika ghafla zaidi ya mita 600 hadi ziwani. Wageni waliolitazama ziwa kutoka Uganda waliipa milima ya upande huu jina la Milima ya Buluu. Hewa ilikuwa imeoshwa na mvua. Moshi wa majiko ulipanda wima kutoka nyua mia, na kutoka kila ua mchi ulianza tena: tu, tu, tu.

Usiku mama mwenye nyumba alitandika mkeka, umeme ukakatika, taa ya jua ikawashwa, na tukala makemba na maharage huku kijana akimsimulia mama yake siku yetu: dola iliyokataliwa, pilipili, watu wa Unguja wa 1887. Mama hakusema kitu. Aliinuka tu akaingia jikoni.

Asubuhi, gari la kunipeleka uwanja wa ndege lilipofika, alinipa furushi. Ndani mlikuwa na kwanga mbili, mikate ya muhogo iliyofungwa katika majani, samaki wa kuoka, ndizi, na chupa ndogo ya mawese iliyozibwa kwa nailoni. Nikamwambia safari ya ndege ni fupi, Entebbe si mbali. Akalifunga furushi upya, kwa fundo la pili.

"Mutu wa Zanzibar hatatoka tena huku na njala," alisema.